Waya wa Zelik na Bango la Kamati

Mtu wa kwanza kuukata waya wetu alikuwa mpumbavu mmoja mwenye koleo. Wa pili walikuwa watu kumi na mmoja wenye nembo. Mimi nilikuwa mmoja wa hao kumi na mmoja, kwa hiyo nikiwasema vibaya msidhani nawaonea.

Huyu ninayemwandika hapa hakuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Anaitwa Zelik Katzeff, ana miaka sabini na minane, goti moja la kuzaliwa nalo na jingine la chuma. Kila Ijumaa asubuhi, mwaka wa ishirini na mbili sasa, anauzunguka mtaa wetu kwa pikapu yake nyeupe, kwa mwendo wa anayesindikiza maiti, shingo nje ya dirisha, macho juu. Madereva wa Johannesburg hawana subira na mtu wa namna hiyo. Wamempigia honi, wamemtukania mama, na kuna mmoja alimrushia kopo la soda. Zelik haangalii chini.

"Huku chini hakuna kitu changu," anasema.

Kitu chake ni waya. Hauna umeme, haupitishi simu, haufanyi kazi yoyote ambayo mtu wa kawaida angeiita kazi. Unatoka nguzo hadi nguzo, unapita juu kabisa kwenye vichwa vya nguzo, unauzunguka mtaa mzima mpaka unarudi ulikoanzia. Ukiwa mzima, mtaa wote unahesabika kama ua wa nyumba moja, na siku ya Sabato Myahudi anayeshika sheria anaruhusiwa kubeba na kusukuma vitu njiani: funguo, sahani ya samaki, kigari cha mtoto. Ukikatika mahali pamoja tu, ua umevunjika. Wenye watoto wachanga wanakaa ndani, wenye viti vya magurudumu wanakaa ndani. Kama unaona ni sheria ya ajabu, panga foleni. Shangazi zangu wawili wanaona hivyo hivyo, na bado kila Ijumaa wanauliza kama waya upo.

Anayejibu ni Zelik. Saa nane mchana anatuma ujumbe wa neno moja kwenye kundi la WhatsApp la sinagogi: "Upo." Rabi alimwomba mara moja aongezee salamu ya Sabato, ipendeze. Zelik alimjibu kwamba yeye ni mtu wa waya, mwenye salamu ni rabi.

Alizaliwa kwenye mji mdogo wa jimbo la Free State uliokuwa na barabara moja, kanisa moja kubwa na Wayahudi saba, wote saba nyumba moja. Baba yake alikuja kutoka Lithuania na sanduku la mbao, akafungua duka la blanketi, misumari na sukari. Shuleni wavulana walimngoja langoni kila asubuhi wamwite majina. Zelik hasimulii habari hizo kwa huzuni. Anasimulia kama mtu anayelalamikia huduma mbovu.

"Majina yalikuwa mawili tu," aliniambia. "Miaka saba, majina mawili. Hata kutukana hawakusoma."

Alipokua aliajiriwa kuwa fundi wa laini za simu, akapanda nguzo miaka thelathini na sita. Juu ya nguzo ndiko alikompata mke. Kila alipomaliza kutengeneza laini alipaswa kupiga simu kituoni kuijaribu, na opereta aliyepokea alikuwa msichana aitwaye Minna Lurie, ambaye badala ya kusema namba yake kama kanuni zilivyotaka alisema, "Wewe mtu wa nguzo, laini yako inakoroma." Laini haikuwa inakoroma. Zelik aliipanda nguzo ile ile miezi minane kuitafuta kasoro isiyokuwapo, mpaka msimamizi wake akamwuliza kama amejenga huko juu.

Miaka minne iliyopita Minna alipata kiharusi. Ulimi uliokuwa ukiwavua nguo mafundi wa mkoa mzima ukabakiwa na maneno machache, na hayo anayatumia kwa uchoyo. Wiki nzima yuko ndani. Jumamosi asubuhi Zelik anamvika kofia ya buluu yenye unyoya, anamweka kwenye kiti cha magurudumu, anamsukuma mitaa mitatu hadi sinagogi. Minna anasikiliza sala, anakula samaki wa siki na biskuti, anawatazama watu waliozeeka vibaya kuliko yeye, anarudi. Ni saa tatu tu kati ya saa zote za wiki, na bila waya hazipo.

Sasa twende kwa mpumbavu wa kwanza.

Mwaka jana mwezi wa pili, waya ulikatwa. Ulikatwa Ijumaa saa tisa alasiri, baada ya Zelik kuukagua na kutuma "Upo." Aliyekata alikuwa ameijua ratiba. Zelik alipopata habari jua lilikuwa linazama, hakukuwa na muda wa kurekebisha, akatuma "Haupo." Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, mahali pengine. Wiki ya tatu alikata na kuacha kipande cha boksi kilichoandikwa mambo kuhusu Wayahudi na nyaya zao, na ukuta wa sinagogi ukapakwa rangi usiku ule. Sitarudia maneno yale. Zelik alisema ni yale majina mawili ya shuleni, na kwamba inasikitisha kuona fani inavyodumaa.

Jumamosi hizo tatu Minna alikaa dirishani na kofia kichwani. Alidai avikwe, akavikwa, akakaa akitazama watu wakipita kwenda sinagogi mikono mitupu. Jumamosi ya tatu alimgeukia mumewe akasema neno moja.

"Tena?"

Zelik si mtu wa kuapa. Alimwambia, "Hutakaa tena hapo na kofia." Alilisema hilo mbele ya binti yao, na binti yao ndiye aliyetuambia sisi sote, na kwa namna hiyo ahadi ya nyumba moja ikawa habari ya mtaa mzima.

Mtaa nao ukafanya kile mtaa unachofanya ukiguswa. Ukaunda kamati.

Kamati ya Mtaa Dhidi ya Chuki iliongozwa na Selwyn Gordin, wakili wa viwanja na majumba, mtu mwenye meno mazuri na sauti ya kutangaza ndege imechelewa. Tulikuwa kumi na mmoja. Mimi nilichukuliwa kwa sababu niliwahi kusoma usanifu wa michoro mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo ningechora nembo bure. Nembo ilikuwa kiganja kilicho wazi. Vikao vitatu vilikwisha tukijadili kama kiganja kile kinasema "simama" au kinasema "hamjambo." Kisha tukashona majaketi. Kisha tukaandaa kifungua kinywa cha dini zote, ambapo mchungaji, imamu, na rabi waliketi mbele ya sahani za matunda wakakubaliana kwamba chuki ni mbaya. Nami nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: imekubaliwa.

Zelik alihudhuria kikao kimoja. Alikaa nyuma na kofia yake ya kazi, akasikiliza habari za majaketi hadi mwisho, akanyoosha mkono.

"Nauliza. Nani anaweza kukaa kwenye kona Ijumaa saa tisa, aangalie nani anakata?"

Kila mtu alikumbuka Ijumaa yake, kuku wake, daktari wake wa meno.

"Wazo zuri sana, Mjomba Zelik," alisema Selwyn. "Hilo tutalipeleka kwenye kamati ndogo."

"Kamati ndogo ipo?"

"Tutaiunda."

"Itaanza lini kuangalia?"

"Kwanza itaandaa mwongozo."

Zelik alivaa kofia yake vizuri, akaondoka. Mimi nikaandika: Bwana Katzeff ametoa mchango.

Ijumaa iliyofuata aliegesha pikapu nyuma ya kibanda cha mlinzi, kwenye kizuizi cha barabara ya kuingilia mtaani, na chupa ya chai. Mlinzi wa pale ni Bheki Mthombeni, mtu mpana, mwenye tabia ya kutazama magari ya kifahari kama mwalimu anavyotazama daftari chafu. Yeye na Zelik wamekunywa chai pamoja miaka tisa. Saa tisa na dakika tano akaja mtu na ngazi na koleo.

Ikawa ni Craig Pettifer. Anasafisha mabwawa ya kuogelea, anakaa mtaa wa pili. Robo ya watu aliokuwa akiwakatia waya ni wateja wake. Alikuwa amefika ngazi ya nne Zelik alipotokea chini yake.

"Habari za kazi," alisema Zelik.

Pettifer aliruka kidogo, akajikaza. "Nina haki. Kila mtu anajua huu waya ni wa nini."

"Ni wa nini?"

"Mmetuzungushia ili mtusikilize."

Zelik aliufikiria mtaa mzima, kilomita kumi na mbili, nguzo mia moja na nne. "Tukusikilize wewe?" Akamgeukia Bheki. "Bheki, wewe unamsikiliza huyu?"

"Baba, mimi kila siku ananisemesha kwenye kizuizi, tena ninalipwa kuwa pale, na bado simsikilizi."

"Ushike," Zelik alimwambia Pettifer.

"Nini?"

"Waya. Ushike kwa mkono. Nimefanya kazi ya simu miaka thelathini na sita, ningependa kujua unasikia nini."

Pettifer alikuwa na glavu za mpira, za kujikinga na umeme wa Wayahudi nadhani. Zelik alimwambia azivue. Ilichukua muda. Mwishowe alinyoosha vidole viwili, amefumba macho, akaushika.

"Unasikia nini?"

"Hakuna."

"Na sisi hivyo hivyo," alisema Zelik. "Sasa shuka, koleo uliache."

Polisi walipewa jina, wakatoa namba ya kesi, na namba ile ndiyo yote waliyowahi kutoa. Pettifer hakuomba radhi na hakubadilika moyo. Anaendelea kuamini mambo yale yale, ila sasa anayaamini kuhusu setilaiti. Waya hakuugusa tena, kwa sababu Bheki aliwahadithia walinzi wote wa barabara ile habari ya glavu, na kila alipopita walimwonyesha vidole viwili, macho wamefumba.

Kamati yetu ilitoa taarifa ikisema matukio ya chuki mtaani yamepungua kutokana na kampeni ya uhamasishaji. Niliiandika mimi.

Mwezi wa kumi na moja ndipo lilipokuja bango.

Diwani alikubali kuja Jumapili kuzindua kampeni, na Selwyn akataka mgeni akutane na ujumbe pale pale anapoingia. Bango la kitambaa, upana wa barabara yote, mita tisa: HAPA CHUKI HAINA NJIA. Herufi nilizichora mimi. Katika pindo la juu mshonaji alipitisha kamba imara ya nailoni kutoka mwisho hadi mwisho, ili lisilegee mbele ya kamera. Yalikuwapo na mabango madogo tisa ya kufunga kwenye mageti, na kwa ajili hiyo mtu alikwenda stoo ya sinagogi akakuta roli zima la waya mwembamba halina mwenyewe, akalikata vipande vya urefu wa mkono.

Ijumaa ile Zelik alikagua, akatuma "Upo" saa nane, akaenda kuoga. Saa tisa kamati ilikusanyika kwenye kizuizi na majaketi yake. Tulikuwa tumekodi gari la kunyanyulia mafundi wa taa. Swali lilikuwa bango lining'inie kwenye nini.

"Mbona kuna waya hapa tayari," alisema Selwyn, kwa furaha ya mtu aliyewekewa na Mungu.

Nataka hili lieleweke vizuri. Kati ya watu kumi na mmoja waliosimama pale, saba wanashika Sabato. Ivor Saks amesukuma vigari vya watoto watano chini ya waya ule. Selwyn mwenyewe alikuwa mweka hazina wa sinagogi mwaka uliponunuliwa. Kila Ijumaa tunauliza kama upo, kwa hofu, kama watu wanaouliza hali ya mgonjwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinua kichwa aone unafananaje. Mimi pia nilitazama juu. Niliona waya. Nikasema, "Vizuri, upo juu ya kutosha."

Bheki alitoka kibandani. "Huo ni wa mzee Zelik."

"Tunafahamiana vizuri na Mjomba Zelik," alisema Selwyn. "Hii ni kazi ya kumlinda yeye."

Wakalitundika kwa kulabu thelathini. Tukapiga picha. Gari la kukodi likaondoka.

Saa kumi mvua ya radi ilifika, kama inavyofika Johannesburg kila alasiri ya kiangazi, bila kumwuliza mwenyekiti. Upepo uliingia barabarani, bango likavimba, waya uliobuniwa kubeba uzito wake tu ukavutwa kama sikio la mtoto mtukutu, ukakatika upande wa kushoto. Bango likaanguka juu ya gari la Selwyn, likalifunika lote.

Bheki alipiga simu.

"Baba, wamekata."

"Pettifer?"

"Hapana, baba. Kamati."

Zelik alituma "Haupo" kabla hajavaa viatu. Neno lile lilifika simu mia mbili kwa pamoja, na mtaa mzima ukaguna.

Alifika saa kumi na moja kasorobo, mvua imekwisha, amevaa shati jeupe la Sabato na suruali ya kazi. Sabato ingeingia saa kumi na mbili na robo, na baada ya hapo hakuna fundo ambalo mtu angeruhusiwa kufunga. Alitazama juu. Kisha, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, alitazama chini, akatutazama sisi mmoja mmoja, na majaketi yetu yaliyolowa.

"Roli langu la waya liko wapi?"

Ivor Saks aliinua mkono wake uliokuwa na kipande cha waya cha urefu wa mkono.

"Ni dharura, Mjomba, tunakubali," alisema Selwyn. "Napendekeza tukae dakika kumi, tuangalie njia zilizopo."

"Kaeni," alisema Zelik. Akaliendea bango, akatoa kisu mfukoni, akaanza kuchana pindo.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nachukua kamba. Ni mita tisa, na barabara ni mita nane na nusu. Hiki ndicho kitu cha kwanza mlichopima sawasawa."

"Jumapili anakuja diwani."

"Atakuta bango. Litakuwa limelegea. Naye atakuwa amelegea, watafanana."

Pikapu nyingine ilisimama nyuma yetu kwa sababu barabara ilikuwa imezibwa. Dirisha likashuka. Alikuwa Pettifer, anatoka kazini, uso umejaa raha ambayo hakuifanyia kazi.

"Safari hii si mimi, mzee."

"Najua," alisema Zelik bila kugeuka. "Wewe ulikata kwa koleo, kwa usafi. Hawa wameng'oa. Rudisha gari nyuma, unaziba mahali pa ngazi."

Pettifer akarudisha gari nyuma.

Selwyn alishusha sauti, ile sauti ya kumalizana na wateja. "Mjomba, nisikilize. Sabato moja. Watu wazima wale, wataelewa. Jumapili asubuhi naleta mafundi, waya mpya, nguzo mpya ukitaka, na jina lako kwenye kibao. Lakini ukilichana bango hili leo, umetuchania kampeni nzima."

Zelik aliacha kisu.

"Selwyn, kijana wangu," alisema. Selwyn ana miaka hamsini na sita. "Unajua nyumba yangu. Namba kumi na nne. Nenda sasa hivi ukamweleze Minna kuhusu kampeni. Mlango uko wazi. Kofia yake ameshaiweka kitandani. Ukimaliza kumweleza, rudi uniambie amesema nini, nami nitaliacha bango lako."

Tulingoja aende. Maji yalidondoka kutoka kwenye miti. Selwyn alitazama upande wa namba kumi na nne, akatazama bango lililokuwa juu ya gari lake na neno CHUKI likiwa limekaa juu ya kioo cha mbele, akavua jaketi.

"Nishike wapi?" aliuliza.

"Ngazi. Ushike na usiongee."

Hivyo ndivyo mwenyekiti alivyopata kazi. Mtu wetu wa bima, maana kamati inayojiheshimu haikosi mtu wa bima, alikumbusha kwamba bima yetu haimhusu yeyote aliye juu ya ngazi. Zelik alisema basi bima ibaki chini na wenzake, akapanda na goti lake la chuma, akapumzika kila hatua. Bheki alimpandishia kamba kwa ufito. Upande wa kushoto akaipitisha juu ya kichwa cha nguzo, akaikaza. Akashuka, akavuka barabara, akapanda upande wa kulia, akaikaza mpaka ikanyooka. Haikuwa nzuri kutazama. Ilikuwa ya manjano. Lakini sheria haikuuliza rangi. Ilitaka kitu kilichonyooka kinachopita juu ya nguzo mbili, na kilikuwapo.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Ivor alipiga makofi, wengine wakamfuata.

"Mnashangilia nini?" aliuliza Zelik. "Dhoruba imepita nguzo mia moja na nne. Nimetengeneza nafasi moja. Nani amekagua hizo nyingine?"

Makofi yakafa.

"Zamani niliwauliza nani anaweza kukaa kwenye kona aangalie. Leo nauliza tena. Mko kumi na mmoja, mna magari. Mnaniambia nini?"

Hakungoja mwongozo. Aligawa mtaa hapo hapo kwa kidole, wewe kutoka shule hadi duka la mikate, wewe kutoka hapo hadi kituo cha mafuta, na akatupa amri moja: mwendo wa miguu, shingo nje, macho juu, mpaka mwisho wa kipande chako, kisha piga simu.

Kama ulikuwa Johannesburg Ijumaa ile mnamo saa kumi na mbili jioni, ukakwama nyuma ya gari la fahari linalotambaa na mtu amechomoza kichwa dirishani kama mbwa anayesafirishwa, samahani, tulikuwa sisi. Tulipigiwa honi. Tulitukaniwa mama. Mimi kipande changu kilikuwa na nguzo tisa, na nilipofika ya tano nilijikuta nimeshaufuata waya kwa macho kama mtu anayesoma mstari, na nikaona aibu ambayo sikuwa na mtu wa kuipeleka.

Zelik alipokea simu akiwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa.

"Upo," nilisema.

"Upo," alisema wa pili.

Simu ya Ivor: "Mjomba, mimi naona nyaya nne. Ni upi?"

"Mwembamba."

"Zote ni nyembamba."

"Ule ambao hauna faida kwa mtu mwingine. Wa juu kabisa."

"Ah. Upo."

Wa mwisho alikuwa Selwyn. Kipande chake kilikuwa kirefu zaidi, Zelik hakumwonea huruma. Saa kumi na mbili na dakika kumi simu ililia, na sauti ile ya kutangaza ndege ikasema neno moja tu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Zelik aliandika ujumbe kwa kidole kimoja, akautuma, akaenda nyumbani kwa miguu akaiacha pikapu hapo hapo. Tulisoma sote kwa pamoja: "Upo. Msiuning'inizie kitu."

Diwani alikuja ile Jumapili, akapigwa picha mbele ya bango lililofungwa kwenye uzio, limelegea katikati kama tumbo. Alisema mtaa wetu ni mfano wa kuigwa. Hakuna aliyemwonyesha kamba ya manjano juu ya kichwa chake, na hakuinua macho.

Lakini Jumamosi, kabla ya hapo, Zelik alimsukuma Minna kwenda sinagogi. Njia yao ya kawaida haipiti kwenye kizuizi. Siku ile walizunguka kupitia hapo, mitaa miwili ya ziada, na goti lile. Bheki alisimama, akavua kofia yake kwa heshima ya kofia ya buluu. Upepo wa asubuhi ulikuwa ukivuma kidogo na kamba, ambayo ni nene kuliko waya, ilikuwa ikitoa sauti.

Minna aliinua kichwa. Aliisikiliza muda mrefu, kwa makini ya mtu wa kazi.

"Inakoroma," alisema.

"Nimesikia," alisema Zelik. "Jumatatu nitapanda."